Baraza, chama cha wafanyakazi au chama cha taaluma: daktari kijana wa Kigoma aweke ada yake wapi?

Daktari kijana akimaliza mafunzo kwa vitendo na kupangiwa Kibondo, Kakonko au Uvinza, hata mshahara wa kwanza hajauzoea, vyombo vitatu tayari vimeshamfikia. Baraza la Madaktari, linalosajili madaktari, linataka ada ya leseni. Chama cha wafanyakazi kimeshakata chake kabla pesa haijaingia benki. Chama cha madaktari kinamwalika ajiunge. Vijana wengi ninaofanya nao zamu wanaviweka vyote kapu moja na kuviita makato, kisha wanalipa kile tu kisichokwepeka. Wa mwisho kulipwa, na mara nyingi asiyelipwa kabisa, ni chama cha taaluma. Uamuzi huo unatugharimu sisi wa huku mwisho wa reli kuliko unavyowagharimu wenzetu wa Dar es Salaam, ndiyo maana nimeamua kuvipanga vyombo hivi bega kwa bega.

Kipimo changu kitatoka mbali: madaktari wa osteopathia wa Marekani, yaani waliosomea udaktari pamoja na tiba ya kunyoosha mwili kwa mikono, na chama chao, American Osteopathic Association. Nimewachagua kwa sababu moja. Chama kikubwa kilichotulia hufanya kazi zake bila mtu kuziona, na wanachama wenyewe husahau kilianzishwa kwa nini. Chama cha watu wachache, ambao madaktari wenzao waliwahi kuwaita wapotofu, kimelazimika kufanya kila kazi yake hadharani. Ukitaka kujua chama cha taaluma kina faida gani, tazama taaluma iliyonusurika kufutwa.

Kwanza, hawa ni akina nani

Katika hospitali za misheni za mkoa wetu hupita madaktari wa kujitolea kutoka Marekani, na baadhi yao huandika D.O. (shahada ya udaktari wa osteopathia) baada ya jina, si M.D., shahada ya kawaida ya udaktari. Mzee mmoja wa Kasulu aliyeambiwa kwamba daktari wa namna hiyo amesomea pia kunyoosha mgongo kwa mikono aliniuliza, kwa heshima zote, "Mwanangu, huyu ni daktari au ni mkandaji?" Swali lake ni la haki kabisa.

Osteopathia ilianzishwa na Andrew Taylor Still, daktari wa Missouri. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za zama zile, baadhi zikiwa na zebaki, hazikumsaidia kitu. Mwaka 1874 akatangaza njia yake mpya, iliyotazama mifupa, misuli na mzunguko wa damu kama kitu kimoja, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville. Leo daktari wa osteopathia wa Marekani ni daktari kamili: anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anabobea kama wengine, na ana leseni sawa na ya wenzake katika majimbo yote 50. Tiba ya mikono ni nyongeza katika mafunzo yake.

Uingereza mambo ni tofauti. Huko mtu wa osteopathia si daktari wa tiba. Anatibu kwa mikono na haandiki dawa. Basi mzee wangu angekutana na Mmarekani na Mwingereza siku moja, angepaswa kupata majibu mawili.

Nani anakupa ruhusa ya kumgusa mgonjwa?

Hapa hakuna cha kuchagua, kwa hiyo sitakaa sana. Kwetu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2016 ya udaktari, udaktari wa meno na taaluma za afya shirikishi. Bila usajili na leseni hai, kumtibu mtu ni kosa, na daktari mgeni wa kujitolea naye anahitaji usajili wa muda hata kama amekuja kwa wiki chache na moyo wa dhahabu. Marekani kazi hiyo ni ya bodi ya kila jimbo. Vermont lilikuwa jimbo la kwanza kuitungia osteopathia sheria, mwaka 1896, mwaka mmoja kabla chama chenyewe hakijaundwa. Uingereza wamezitenganisha kazi hizi waziwazi kuliko wote: General Osteopathic Council, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ndilo linaloshika rejista, na asiyemo humo haruhusiwi kisheria kujiita osteopatha. Chama chao cha taaluma, Institute of Osteopathy, kiko pembeni na mtu anajiunga akipenda.

Jambo la kushika ni kwamba baraza linamtumikia mgonjwa, hata kama ada unalipa wewe. Ukishitakiwa kwa uzembe, baraza linakaa kitini kama hakimu. Daktari anayelilaumu baraza kwamba halimtetei analidai kazi isiyo yake, na mwananchi anayetaka chama cha madaktari kimfutie daktari usajili naye amebisha mlango usio wenyewe. Niliwahi kumwona daktari mwenzangu, si wa hospitali ninayofanyia kazi sasa, akiitikia wito wa kujieleza peke yake, bila mtu wa kumsomea barua wala kumwambia ajibu nini na anyamaze wapi. Alikuwa na leseni, na makato ya wafanyakazi alikuwa akikatwa kila mwezi. Alichokosa ni wenzake wa taaluma walioipitia njia ile kabla yake.

Mpaka kati ya cheti na uanachama unaweza kuvukwa hata na chama chenye historia nzuri. Kwa miaka mingi American Osteopathic Association iliwataka madaktari bingwa waliothibitishwa na bodi zake wawe pia wanachama wanaolipa ada, la sivyo uthibitisho wao ungepotea. Mwaka 2016 baadhi yao wakaenda mahakamani. Kesi iliisha kwa maafikiano na sharti lile likaondolewa. Naliona hilo ni jambo jema. Chama kinachowashika wanachama kwa kuwatisha kimeshaacha kuwashawishi.

Nani anapigania mshahara, posho na kupandishwa daraja?

Chama cha wafanyakazi. Kwetu ni TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, na kwa walioajiriwa na halmashauri wengi wako TALGWU, cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Hivi ndivyo vyenye nafasi ya kisheria ya kukaa mezani na mwajiri, na sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kupata makato ya uwakala hata kwa asiyejiunga. Kwa hiyo ukiona makato na hukumbuki kujaza fomu, uliza kwanza kabla ya kugomba.

Ukidai malimbikizo, ukihamishwa bila stahiki, ukikaa daraja moja miaka na miaka, peleka shauri huko. Lakini humo ndani uko pamoja na muuguzi, mhasibu, dereva na mtunza kumbukumbu. Ni haki yao na nguvu ya umoja iko hapo hapo. Ila usitarajie kikao cha namna hiyo kijadili kama chuo fulani kinatoa madaktari walioiva, au kama mwongozo wa matibabu ya kifafa cha mimba unatekelezeka katika kituo cha afya ambacho chumba cha upasuaji hakina daktari wa usingizi.

Nani analinda elimu na jina la taaluma?

Sasa tumefika kwenye kazi halisi ya chama cha taaluma, na hapa nitakaa.

Chama cha osteopathia kilizaliwa Kirksville mwaka 1897, kwa mikono ya wanafunzi na wahitimu wa chuo cha Still. Hawakuanza kwa kuomba posho. Osteopathia ilikuwa imeanza kupendwa, na vyuo vya kuuza vyeti vilichipuka kila kona. Mtu angeweza kununua shahada kwa posta na kubandika kibao mlangoni. Wakatambua kwamba wasipojiwekea viwango wenyewe, jina lao litaliwa na matapeli au litafutwa na wapinzani. Chama kikaanza kukagua vyuo, kuongeza miaka ya masomo na kutoa jarida la kitaaluma tangu 1901. Hata leo tume inayovipa ithibati vyuo vya osteopathia, inayotambuliwa na wizara ya elimu ya Marekani, imetoka tumboni mwa chama hicho.

Upande wa pili kulikuwa na American Medical Association, ya tangu 1847, kubwa, tajiri, yenye masikio ya serikali. Kwa miongo mingi ilihesabu osteopathia kuwa upotofu na kuona vibaya daktari wake kushirikiana nao. Katika vita vya pili vya dunia jeshi halikuwachukua madaktari wa osteopathia kama madaktari. Wakabaki nyumbani, na wagonjwa walioachwa na madaktari walioenda vitani wakawajia wao. Maelfu ya familia zikawafahamu kwa njia hiyo. Chama kilipoendelea kudai nafasi jeshini, kilikuwa na ushahidi wa wananchi mgongoni. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1966.

Lakini tukio ninalotaka kila daktari kijana alifikirie ni la California. Mwaka 1961 chama cha osteopathia cha jimbo hilo kilikubaliana na chama cha madaktari cha jimbo kuungana. Daktari wa osteopathia alihudhuria semina fupi, akalipa dola 65, akapewa shahada ya M.D. Zaidi ya 2,000 walikubali. Chuo chao cha Los Angeles kikageuzwa kuwa chuo cha kawaida cha udaktari. Mwaka 1962 wapiga kura wakapitisha sheria iliyozuia leseni mpya za osteopathia kutolewa katika jimbo.

Siwahukumu waliolipa. Hospitali nyingi zilikuwa zimewafungia milango, na wenzao wa M.D. bado waliwahesabu kuwa wapotofu. Dola 65 ilikuwa bei ndogo ya kuumaliza mzigo huo. Kwa daktari mmojammoja, chama kikubwa kilitoa faida ya papo hapo. Kwa taaluma, kiliandika tarehe ya mwisho: waliokuwepo walipokelewa, waliokuwa njiani walifungiwa.

Wachache walikataa. Chama cha taifa kikafuta hati ya tawi lililojiunga, kikatambua tawi jipya la wale waliobaki, na tawi hilo dogo likapigana mahakamani hadi 1974, mahakama kuu ya jimbo ilipoamua kwamba leseni zitolewe tena. Wakati huohuo majimbo mengine yaliendelea kuwapa haki kamili moja baada ya jingine, na Mississippi likawa la mwisho, mwaka 1973. Leo karibu robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani wako katika vyuo vya osteopathia. California ingekuwa mfano wa kufuatwa nchi nzima, robo hiyo isingekuwepo.

Chama kilichojua kukataa kilijua pia kukubali. Mwaka 2014 kilikubaliana na ACGME, chombo kilichokuwa kikithibitisha mafunzo ya madaktari wa M.D., kuwa na mfumo mmoja wa kuthibitisha mafunzo ya ubingwa, na mpito ukakamilika 2020. Wapo wanachama waliolia kwamba wameuzwa. Mimi naona tofauti kubwa na mwaka 1961: safari hii vyuo vyao vilibaki, shahada ikabaki, na walikaa mezani wakiwa na viti vyao. Chombo cha kujadiliana kwa niaba ya wote ndicho kilichofanya muungano wa pili usiwe kaburi.

Linatuhusu vipi sisi wa Kigoma?

Hakuna anayetaka kuufuta udaktari Tanzania. Hata hivyo, chaguo la chama kikubwa dhidi ya chama kidogo lipo hapa hapa. Kipo Chama cha Madaktari Tanzania, MAT, cha madaktari wote. Vipo vyama vya fani, kama AGOTA cha wa uzazi na magonjwa ya wanawake na PAT cha wa watoto. Daktari wa wilaya anayefanya kila kitu, usiku huo huo akipasua mama, akifunga mfupa na kumwongezea damu mtoto mwenye malaria kali, anajiuliza yeye ni wa wapi.

Ushauri wangu kwake ni aanze na chama cha wote. Vyama vya fani vina mafunzo ya kina zaidi, na ukiwa umeshaamua ubingwa wako ndivyo vitakavyokupa walimu wa kukushika mkono. Lakini matatizo ya daktari wa Kakonko si ya fani moja. Ni ya uhaba wa watu, ya rufaa inayosafiri saa nyingi barabarani hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya dawa na vitendanishi, ya daktari mmoja kuwa pia msimamizi wa kila kitu. Hayo yanahitaji sauti inayosema kwa niaba ya udaktari wote.

Hapa nina madai pia kwa chama chenyewe. Reli kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na imetufikia tangu 1914, lakini mikutano ya kitaaluma bado inatuona wa mbali. Leseni inahitaji pointi za mafunzo endelevu. Aliye Muhimbili anazipata akishuka ngazi tu, na wa Buhigwe anaomba ruhusa, anatafuta wa kumshikia zamu, analipa nauli na kulala. Wamarekani wale walijipanga kwa majimbo, kila jimbo na chama chake chini ya chama cha taifa, hivyo daktari wa kijijini Missouri hakutani na taaluma yake kule Chicago pekee. Ni jambo la maana hasa kwao, kwa sababu zaidi ya nusu ya madaktari wa osteopathia wako katika huduma za msingi, baadhi wakiwa miji midogo. Tawi la mkoa linalokutana kweli, hata kwenye ukumbi wa kawaida pale Mwanga, mjini Kigoma, likijadili vifo vya uzazi vya robo mwaka bila kutafuta wa kulaumiwa, lina thamani kwangu kuliko mkutano mkuu wenye mabango.

Na tawi halitaundwa na wasio wanachama. Hapo ndipo hoja ya kusubiri hadi chama kitufikie inaponishinda. Wale wa Kirksville hawakusubiri: walikuwa wanafunzi na wahitimu wa chuo cha mji mdogo tu.

Kwa mgonjwa anayesoma haya

Nitasema machache. Cheti cha uanachama ukutani, kiwe cha MAT au cha chama cha ng'ambo chenye muhuri wa dhahabu, kinakuambia daktari huyu ana wenzake na pengine anaendelea kujifunza. Hakikuambii kama anaruhusiwa kukutibu. Ulizia usajili wa Baraza. Kwa anayekanda na kutibu kwa dawa za asili, liko Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, la sheria ya mwaka 2002, na swali ni lile lile. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi miguuni, homa, kukonda au kushindwa kuzuia mkojo yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, yasipite kwanza kwa mtu yeyote wa kunyoosha, awe wa mtaani au wa ng'ambo.

Yule mzee wa Kasulu nilimjibu kwamba mgeni yule ni daktari kamili, na kwamba karatasi ya kuthibitisha hilo iko kwa mganga mfawidhi. Alikwenda kuiomba, akaonyeshwa. Natamani wagonjwa wote wangekuwa kama yeye.

Basi, ulipe wapi?

Baraza, kila mara na kwa wakati, maana leseni ikifa hata utetezi wote hauna pa kusimama. Chama cha wafanyakazi, kama umeajiriwa na tayari unakatwa, jaza fomu uwe mwanachama kamili ili upate kura, kwa sababu pesa inatoka vyovyote vile. Chama cha taaluma kiwe cha tatu katika foleni ya malipo lakini kisiondolewe kwenye bajeti. Kama uko mwaka wa kwanza na unatuma pesa nyumbani kwa wadogo zako wanaosoma, subiri mwaka wa pili, hakuna atakayekulaumu. Kama umeshaanza safari ya ubingwa, ongeza chama cha fani yako. Kama una hospitali au zahanati binafsi na huna chama cha wafanyakazi, usisubiri hata mwezi, kwa sababu siku ya shida hutakuwa na mwingine.

Kabla ya kulipa, mpigie mwakilishi umuulize mambo manne: katiba iko wapi, hesabu za mwaka jana zilikaguliwa na nani, nikiitwa na baraza mtanipa nani wa kusimama nami, na Kigoma tunakutana lini. Akijibu mawili ya kwanza na kusitasita kwenye yaliyobaki, lipa ada ya mwaka mmoja, tafuta madaktari wengine watano wa wilaya yako wafanye hivyo hivyo, kisha mwandikieni barua ya pamoja kuomba tawi.